Kamera Inayotazama Katikati

Mshona mapazia aliipita meza ile mara tatu kabla ya kusimama. Ilikuwa meza ya muuza vitu vikuukuu: pasi za mkaa, redio zisizo na migongo, saa za ukutani zilizosimama kila moja kwa wakati wake. Kamera ya mkanda ilikuwa katikati yao, nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia.

"Shika, dada, kushika si kununua," alisema mwenye meza. "Wengine hushika wakaenda zao, na mimi sijafa."

Akaishika. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Mwenye meza akatia betri nene fupi, akabonyeza, na lenzi ikajitokeza polepole kama kobe anayechungulia kama mvua imekatika.

"Umeona? Hii si zile za zamani za kuzungusha pete mpaka anayepigwa anasinzia. Hii inajipima umbali yenyewe. Unabonyeza, yenyewe inajiuliza, huyu mtu yuko wapi? Ikishamwona, kach!"

"Na isipomwona?"

"Aa, dada yangu! Kwani unakwenda kupiga picha mizimu?"

Mshona mapazia hakucheka. Yule bwana akaona uso ule, akaacha mzaha, akapunguza bei bila kuombwa. Kwa thamani ya mapazia mawili ya sebule kamera ikawa yake, pamoja na mikanda miwili ya picha ishirini na nne ambayo haikuwa imefunguliwa.

Haja yenyewe ilikuwa ya mama yake. Mama alikuwa na presha ya macho. Daktari aliwaeleza mabinti wawili mbele yake, bila kuzungusha maneno: ugonjwa huu unakula kutoka pembeni kwenda katikati, kilicholiwa hakirudi, na matone ni ya kulinda kilichobaki tu. Walipofika nyumbani mama akavua viatu, akavipanga vizuri ukutani, ndipo aliposema:

"Nataka picha zenu za karatasi."

"Za nini, mama?" aliuliza binti mdogo, ambaye kwa maneno yake yasiyokwisha nyumba nzima ilimwita Chiriku.

"Nyinyi hamtulii. Nikilikamata jicho, mdomo umeshahama. Karatasi hukaa ilipowekwa. Nitawatazama kidogo kidogo mpaka niwakariri, halafu giza lije litakavyo."

"Hilo tu? Mbona jambo dogo. Tunajipiga leo kwa simu, kesho napita kuchapisha nikitoka dukani."

"Si kwa simu," alisema mshona mapazia.

Chiriku akamtazama dada yake, akanyamaza. Hilo kwake halikuwa jambo la kawaida, lakini alijua neno lile limetoka wapi.

Walikuwa watatu. Wa katikati alikuwa kaka, fundi wa matangi ya maji ya juu ya nyumba, ambaye miaka miwili nyuma, asubuhi moja ya umande, aliteleza juu ya paa la watu. Picha zake zote zilikuwa katika simu ya dada yake. Simu ya Chiriku wakati ule ilikuwa ya vitufe, na ya kaka mwenyewe ilivunjika pamoja naye. "Dada, kachapishe hata moja," Chiriku alimwambia wiki ya msiba, na wiki iliyofuata, na iliyofuata. "Mwisho wa mwezi," dada akajibu kila mara, maana kazi zilikuwa zimerundikana. Kabla mwezi haujafika mwisho, simu iliteleza kutoka mfuko wa aproni ikaingia kwenye beseni la mapazia yaliyorowekwa. Fundi simu aliifungua, akaipuliza, akaikausha, kisha akatikisa kichwa kama daktari. Kilichobaki cha kaka ni picha ya kitambulisho, ndogo kama ukucha, ambayo mwenyewe aliicheka uhai wake kwamba anafanana na mtu anayetafutwa na polisi.

Tangu siku hiyo mshona mapazia hakuamini picha isiyoshikika. Alitaka mkanda, kitu ambacho hata karatasi ikichanika unarudi nacho kwa msafishaji ukatolewa nyingine. Chiriku alijua kwamba kushindana na dada yake katika hilo ni kutwanga maji. Mama alisema mradi ni karatasi, yeye haulizi imetoka tumboni mwa nini.

Jumapili asubuhi waliketi uani. Kulikuwa na benchi mkabala na dirisha la jiko, benchi la watu watatu. Utotoni kaka aliwekwa katikati kama mpaka wa nchi mbili zisizoelewana, kwa sababu dada zake walikuwa wakifinyana. Walipokua wakaacha kufinyana, yeye akabaki palepale. Baada ya kumzika, mkubwa aliketi mwisho wa kulia, mdogo mwisho wa kushoto, na hakuna aliyesema kwa nini.

Ndivyo walivyoketi siku hiyo. Mshona mapazia aliweka kiti, juu ya kiti ndoo iliyopinduliwa, juu ya ndoo kamera. Akachungulia. Akavuta karibu mpaka nyuso zikatosha vizuri, huku wake mwenyewe akiukadiria kwa kanga aliyoiacha mahali pake. Ndani ya kidirisha cha kamera kulikuwa na alama ndogo kama kisanduku, katikati kabisa. Aliiona imekaa juu ya bomba la maji la jirani, kule ng'ambo ya uzio wa waya, hatua kumi nyuma ya benchi. Akaona ni pambo, akabonyeza kitufe cha kujipigia.

"Inahesabu!" alipiga kelele Chiriku, kitaa chekundu kilipoanza kumeta. "Kimbia, dada! Kimbia! Utatoka makalio tu!"

Mama, aliyeketi kwenye mkeka pembeni, alicheka mpaka akashika mbavu. Walipiga mkanda mzima palepale, wakibadili nguo na vilemba, hata mara moja wakibadilishana ncha za benchi. Hakuna aliyekaa katikati.

Msafisha picha alikuwa mmoja tu aliyebaki mjini, mzee mwenye vidole vya rangi ya chai. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la picha za vitambulisho, kimefungwa kwa pazia jeusi. Jambo la kwanza aliloliona mshona mapazia ni kwamba pazia lile limekonda, na ukingoni mwanga unapenya. Mzee aliuchukua mkanda, akauandika katika daftari, namba nne.

"Nasafisha mikanda ikitimia kumi," alisema.

"Kumi? Na picha zikikaa?"

"Zitakaa, mwanangu. Dawa ni kama maziwa, ikishachanganywa imeanza kufa. Siwezi kuchinja ng'ombe kwa mgeni mmoja."

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Mama akiona binti yake anaingia aliuliza, "Bado?" na mshona mapazia akijibu, "Bado, mama, imefika sita." Wiki ya tatu mama alimimina chai pembeni ya kikombe, akasema birika limepinda mdomo. Wiki ya nne alimwitikia Chiriku akiwa ameelekeza uso kwenye kabati. Mshona mapazia aliona, na kila alichoona akakitafutia sababu: taa hafifu, uchovu, birika kweli lilikuwa la zamani. Chiriku hakutafuta sababu. Alimfuata dada yake kwenye cherehani, akaongea chini chini.

"Anaishiwa na macho, dada. Tunangoja watu wasiojulikana wapige harusi zao ndipo mama atuone?"

"Imefika nane."

"Nane! Simu ninayo mfukoni hapa."

"Picha za kaka zilikuwa mfukoni vilevile."

Chiriku akageuka akaondoka. Cherehani ilikimbia, mshono ukaenda upande, na dada akakaa kuufumua uzi baada ya uzi.

Wiki ya sita mzee alituma ujumbe. Mshona mapazia alifika na kuzikuta picha zimepangwa mezani, naye mzee amesimama kando ya meza, mikono nyuma, kama mwalimu mwenye mtihani wa mtoto aliyefeli.

Bomba la jirani lilikuwa limetoka vizuri ajabu. Lilionekana tone likining'inia mdomoni. Ulionekana mpira mwekundu uliofungiwa kwenye maungio, na ufa wa ukuta uliopinda kama mto. Kulia na kushoto kulikuwa na vivuli viwili vyenye vilemba, laini, kama watu waliotazamwa kwenye kioo chenye mvuke. Hivyo ndivyo ilivyokuwa picha ya kwanza, na ya pili, na zote ishirini na nne.

"Kamera mbovu," alisema mshona mapazia.

"Kamera nzima kabisa. Inatazama katikati. Kilichopo katikati ndicho inachokishika." Mzee akaweka kidole kwenye bomba. "Nani alikuwa akae hapa?"

Mshona mapazia alitazama kile kidole.

"Ni pa kaka yetu," alisema. "Hayupo."

Mzee akaondoa kidole. Akamweleza polepole: ukitaka watu wawili, weka kile kisanduku juu ya uso wa mmoja, bonyeza nusu, usiachie, kisha sogeza kamera utakako, ndipo umalizie. "Aliyekuuzia hakukwambia?" "Hakuniambia." "Huenda naye hakujua," alisema mzee.

Nyumbani alikusudia kusema kwamba mkanda umeharibika. Lakini mama alisikia bahasha.

"Zimetoka! Lete."

"Mama, hazikutoka vizuri..."

"Lete, nitasema mimi."

Mama akachukua ya juu, akaisogeza karibu na jicho la kulia mpaka karatasi ikakaribia pua. Akaipitisha mbele ya jicho kidogo kidogo, kama mtu anayesoma barua kwa tundu la ufunguo. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wa kazini ungali begani. Kisha uso wa mama ukang'aa.

"Safi! Nani kasema hazikutoka? Naona bomba. Naona mpira mwekundu. Naona hadi ufa wa ukuta, tena ule ufa umezidi, mwambieni jirani." Karatasi ikaenda, ikarudi. "Nyinyi mko wapi?"

Mshona mapazia akapiga magoti, akakishika kidole cha mama, akakipeleka pembeni ya picha.

"Mimi hapa. Chiriku huku."

Mama aliifuata njia ya kidole. "Huu ni moshi," alisema.

"Ni mimi, mama."

"Kumbe." Akarudisha karatasi pale alipoona, katikati, akapatazama kwa muda. "Mmemwachia nafasi kubwa, wanangu. Hakuwa mnene hivi."

Chiriku akacheka, na kicheko kikamgeukia njiani kikawa kitu kingine. Mkoba ukaanguka.

"Tangu lini unaona hivyo, mama? Tundu tu? Tangu lini?"

"Limekuwa likipungua."

"Na kliniki walikwambia nini? Mwezi uliopita nilikupeleka mpaka mlangoni!"

"Niliketi, nikainuka, nikarudi. Ningeingia wangeniambia yanakwisha, na nyinyi mngeacha kuhangaika na picha. Dada yako alikuwa hajashika kitu kwa hamu tangu msiba."

Chiriku akamgeukia dada yake. "Umesikia? Kwa ajili yako! Wiki sita! Ningepiga kwa simu siku ileile, saa hizi angekuwa ameshatukariri mpaka vinyweleo. Umemchelewesha kaka, sasa umemchelewesha na mama!"

Maneno mengine yakishatoka hayarudishiki, na Chiriku alijua hivyo hata kabla hajafunga mdomo. Mshona mapazia alizikusanya picha, akazipanga ncha kwa ncha, akazipanga tena.

"Inatosha," alisema mama. "Hata simu ingepiga hapohapo mlipoketi, na mimi ningeona bomba lilelile. Twendeni nje kabla jua halijashuka. Mketi pamoja, mmoja katikati, mwenzake ambandike bega."

Walitoka. Benchi lilikuwa tupu, na Chiriku akasimama mbali nalo.

"Mimi siketi pale, mama. Nipige hata fimbo."

Basi mkubwa akaenda. Alisimama mbele ya mahali pale, akageuka, akashika nguo yake kama mtu anayetaka kukaa. Alibaki hivyo, nusu amesimama, kisha akainuka na kusema, "Siwezi," kama anayeomba radhi kwa mtu mwingine, si kwa mama.

Mama alingoja. Alipoona hakuna la kungoja, alinyoosha mkono.

"Basi kila mtu kwake. Nipe hicho chombo."

"Mama, wewe?"

"Si inatazama katikati? Na mimi natazama katikati. Tutaelewana."

Mshona mapazia akatia mkanda wa pili, akamwekea mama kidole juu ya kitufe, akamweleza habari ya kisanduku. Mama akaegemeza mgongo kwenye nguzo ya mlango na kulibandika jicho la kulia kwenye kidirisha.

"Chiriku, njoo mbele. Rudi. Umepotea. Ongea, nikufuate sauti."

"Nimesimama hapa, mama, mbele yako, nina gauni la bluu, nina njaa, nina..."

"Tayari nimekupata. Sasa funga mdomo kwa mara ya kwanza maishani."

Kamera ikalia. Akapiga tena ya pili. Kisha akamwita mkubwa.

Kwa huyu alichukua muda. Mshona mapazia alisimama, jua likimpiga upande wa shavu, akiitazama ile lenzi ikimtafuta. Alitaka kutabasamu akashindwa kukumbuka namna. Mama hakumwambia atabasamu. Mara mbili alishusha kamera, akafuta jicho kwa ncha ya kanga, akainua tena. Ikalia. Ikalia tena.

"Zinatosha," alisema mama. "Nyingine ni kujionyesha."

Asubuhi yake mshona mapazia alikuwa kwa msafisha picha kabla duka halijafunguliwa. Mzee aliugeuza ule mkanda mkononi.

"Picha nne tu? Mkanda mzima?"

"Nne."

"Nina mitatu kwenye boksi. Wako wa nne."

"Pazia lako linavuja mwanga," alisema mshona mapazia. "Ukingo wa kushoto, na pale juu kwenye pete. Siku moja mwanga utaunguza mikanda ya watu. Nitakushonea lingine, kitambaa mara mbili, lenye mfuko wa mchanga chini lisipepee. Leo hii."

Mzee alilitazama pazia lake, akamtazama mwanamke. "Una haraka ya nini, mwanangu?"

Akamwambia.

Mzee hakusema kitu kuhusu ng'ombe wala maziwa. Alimpa vipimo. Mshona mapazia alishona tangu asubuhi, akapindisha ukingo mara tatu, akajaza mchanga kwa kijiko, na kabla ya alasiri pazia lilikuwa limetundikwa na mzee yuko nyuma yake na dawa zake. Kesho yake saa nne picha zilikuwa tayari. Aliweka bahasha kifuani, ndani ya nguo, akatembea njia nzima bila kuifungua.

Siku hiyo Chiriku hakwenda kazini. Alikuwa amempeleka mama kliniki tangu alfajiri na safari hii ameingia naye mpaka ndani. Daktari alisema jicho la kushoto limekwisha, na la kulia lina kiasi, akaongeza aina ya matone. Kiasi gani, hakusema. Sasa mama alikuwa ameketi kitandani karibu na dirisha, na mabinti wakakaa chini, bega kwa bega kwa sababu chumba kilikuwa kidogo.

Mama akaanza na picha ya Chiriku. Paji la uso lilikuwa limekatwa na sikio moja halikuwepo, lakini katikati ya karatasi macho, pua na mdomo vilikuwa vimetulia vyote, vikali kama vimechongwa.

"Huyu hapa," alisema mama. "Huyu hapa, mjinga wangu. Jino limepanda juu ya mwenzake, nililisahau. Kumbe umekuwa mzuri hivi na hamniambii?"

"Nilikuwa nakwambia kila siku, mama, ulidhani naringa."

Wakacheka wote. Mama aliitazama mpaka akatosheka, akaiweka mapajani upande wa kulia, na kuchukua nyingine.

Hii aliiinua, akaileta kwenye jicho, na kicheko kikamwisha. Aliisogeza karatasi chini kwa upana wa unywele, akaipandisha. Akapita chini ya jicho moja, akahamia la pili. Akashuka kwenye mashavu, akarudi. Nje mtu aliburuta ndoo, akatua, akaburuta tena. Chiriku alimtupia dada yake macho, kisha akayashusha, kwa sababu yeye kila siku aliuona uso ule na alikuwa ameuzoea.

"Hulali," alisema mama.

Kila asubuhi kwa miaka miwili mama aliuliza kutoka chumbani, umeamkaje, na mshona mapazia akajibu akiwa jikoni, salama, nimelala vizuri. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini uso wake ulikuwa mikononi mwa mama, mkavu, umejikunja pembeni mwa macho, na haukuwa na pa kukimbilia.

"Silali, mama."

"Tangu tumzike?"

"Tangu tumzike."

Mkono mmoja wa mama ulitoka kwenye karatasi, ukapapasa hewani, ukakosa, ukapapasa tena mpaka ukafika kichwani kwa binti yake mkubwa, ukabaki hapo. Kwa ule mwingine akaisogeza picha kidogo kushoto, akaendelea kutazama.